Kichwa na Macho: Swali Moja la Kuuliza Mapema

Somo letu safari hii ni juu ya kuumwa kichwa kunakoambatana na macho. Msiseme, "Kichwa kila mtu huumwa, hiyo ni somo gani?" Tumelichagua kwa sababu lilitugusa sisi wenyewe, na tulijifunza kwa hasara.

Katika kikundi chetu tuna akina mama wawili. Wa kwanza anaumwa kichwa tangu usichana. Kabla ya kuumwa, huona kitu kama vimulimuli vinavyocheza mbele yake. Baada ya nusu saa hivi kichwa humgonga upande mmoja, anatapika, anataka nyumba yenye giza, na hataki kusikia hata mtoto akilia. Kwa miaka mingi wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni mvivu, kwa kuwa mara nyingi ilimpata siku ya kulima shamba la kikundi. Alichanjwa chale kwenye paji la uso, na hazikusaidia. Mwishowe alipelekwa dispensari, akaambiwa jina la ugonjwa wake: kipandauso.

Mama wa pili amepita miaka hamsini, na huuza mboga sokoni. Asubuhi moja tulikuwa naye tukipukuchua mahindi. Akanyamaza, akajipapasa uso, akasema, "Hii jicho imeingia giza." Hakuwa na maumivu yoyote. Nasi, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha sikia habari za kipandauso, tukajiona tunajua. Tukamwambia, "Mama, hiyo ni ile kichwa ya mwenzako. Enda ulale kidogo, itaisha." Akalala. Kesho yake giza lilikuwa palepale. Akangoja siku ya soko ipite. Siku ya tatu ndipo tulipompeleka hospitali.

Daktari wa macho alimmulika ndani ya jicho, akasema mshipa mdogo wa damu unaolisha sehemu ya nyuma ya jicho ulikuwa umeziba. Alipopimwa presha, ilikuwa juu sana. Hakuwa amepimwa hata siku moja maishani mwake. Leo jicho hilo linaona mkono ukipita tu, basi. Daktari hakutudanganya. Alisema hata kama tungefika saa ileile, si lazima jicho lingepona. Lakini baada ya siku tatu hapakuwa na la kujaribu. Tena akaongeza jambo lililotutisha: kuziba kuleke kungeweza kutokea kwenye ubongo, na hapo tungekuwa tunazungumza habari ya kiharusi.

Hatukumkosea mama yule kwa makusudi. Tulikosa swali moja tu la kumwuliza: "Ni jicho moja, au ni yote mawili?" Somo hili lote ni juu ya swali hilo.

KIPANDAUSO NI UGONJWA WA KWELI

Duniani, karibu mtu mmoja katika kila saba ana kipandauso. Maana yake ni kwamba katika kikundi cha watu ishirini na mmoja, mnaweza kukuta watatu hivi. Wanawake hupatwa mara mbili au tatu zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi huanza ujanani, na huonekana katika ukoo: mama, binti, na shangazi.

Dalili zake ni hizi. Maumivu hupiga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja wa kichwa. Yasipotibiwa hukaa saa 4 hadi saa 72, yaani mpaka siku tatu. Mtu akipanda mlima au akibeba mtungi, huzidi. Kuna kichefuchefu au kutapika. Mwanga na kelele humsumbua. Maumivu yakiisha, mtu hubaki mchovu kama aliyelima siku nzima, halafu anarudi kuwa mzima mpaka siku nyingine.

Kwa hiyo mwenzenu akijifungia nyumbani siku ya kazi, msimhukumu kabla ya kumwuliza. Hakurogwa, na wala si mvivu.

VIMULIMULI VINATOKA WAPI?

Si kila mwenye kipandauso huona vimulimuli. Ni kama robo hivi ya wagonjwa, au zaidi kidogo. Madaktari huziita dalili hizi aura, yaani dalili za kutangulia. Kama mnavyojua, dalili ya mvua ni mawingu.

Mwenye aura huanza kwa kuona doa dogo linalometameta. Polepole doa hilo hupanuka. Pembeni yake kuna mistari iliyovunjikavunjika kama meno ya msumeno, na katikati pana sehemu asiyoiona vizuri. Akimtazama mtu usoni, huenda akaona sikio lakini asione pua. Jambo hili huchukua dakika 5 hadi 60, kisha macho hurudi sawa. Kichwa hufuata, ingawa kuna watu ambao aura huwajia na kichwa kisiume.

Sasa sikilizeni vizuri. Vimulimuli hivyo haviko ndani ya jicho. Viko kwenye ubongo, sehemu ya kisogoni inayopokea habari kutoka kwa macho yote mawili. Mwaka 1944 mtaalamu mmoja kutoka Brazil, Aristides Leão, aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, alieleza jinsi wimbi la kupoa linavyoweza kutambaa juu ya ubongo. Wimbi hilo huenda polepole sana, milimita 3 hivi kwa dakika. Ni kama moto wa nyasi: mbele unawaka, na nyuma unaacha pamezimika. Panapowaka ndipo mtu anapoona kumeta, na palipozimika ndipo anapokosa kuona. Baadaye chembe za ubongo huamka tena, na kuona kunarudi.

Kwa sababu wimbi liko kwenye ubongo, mwenye aura huona vimulimuli kwa macho yote mawili. Hata akifumba macho, bado anaviona.

MISHIPA MIDOGO YA JICHO

Wale mlio kwenye kamati za maji mtaelewa jambo hili upesi. Kuna bomba kubwa linalotoka kwenye chemchemi, kuna mabomba ya kati, halafu kuna vipaipu vyembamba vinavyoingia kwa kila boma. Bomba kubwa likitoboka, kijiji kizima kinajua. Lakini kipaipu cha boma moja kikiziba, ni boma hilo tu linalokosa maji, na jirani hana habari.

Mwili nao una mishipa mikubwa na midogo ya damu. Nyuma ya jicho kuna ngozi laini na nyembamba inayoitwa retina. Hiyo ndiyo inayopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Retina hula chakula kingi kuliko ukubwa wake, nayo haina ghala la akiba. Sehemu yake ya ndani hulishwa na mshipa mmoja unaoingia na kugawanyika matawi, na matawi hayo yanakaribia wembamba wa unywele. Mshipa ukiziba, hakuna njia ya kuzunguka. Retina huanza kufa kwa muda wa saa chache tu.

Mishipa hii midogo huharibiwa na nini? Na mambo mnayoyajua: presha ya juu inayoipiga miaka kwa miaka, sukari nyingi kwenye damu, sigara na tumbaku, mafuta yanayoganda ndani ya mishipa, na mabonge madogo ya damu yanayotoka kwenye moyo au shingoni. Mengi ya haya hayaumi. Mtu analima, anacheka, anaenda sokoni, kumbe mishipa yake inaharibika.

Lakini jicho lina jambo moja la ajabu. Ndiyo sehemu ya mwili ambapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ya damu kwa macho yake bila kukata chochote. Kifaa cha kumulika ndani ya jicho kilitengenezwa na Hermann von Helmholtz, Mjerumani, mwaka 1851. Tangu wakati huo jicho limekuwa kama dirisha. Daktari akiona mishipa imekonda au inavuja damu, hajui habari za jicho tu. Anajua pia kwamba mishipa midogo ya figo na ya ubongo huenda ina taabu ileile.

JE, KIPANDAUSO NA MISHIPA YA JICHO VINAHUSIANA?

Ndiyo, vinahusiana, ila si kwa namna watu wengi wanavyodhani.

Mwaka 2007 huko Marekani ulichapishwa utafiti mkubwa wa watu wa makamo. Wale waliokuwa na kipandauso, na hata wale waliokuwa na maumivu mengine ya kichwa, walikutwa na alama za kuharibika kwa retina mara nyingi zaidi kuliko wasioumwa kichwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles walitangaza utafiti mwingine, mdogo, uliotumia kamera inayoonyesha damu ikipita kwenye retina. Waliona kwamba kipandauso kikiwa kimeshika, damu hupita kwa uchache zaidi kwenye retina. Na hata wakati mtu haumwi, wale wenye aura walikuwa na upungufu kuliko wale wasio na aura.

Basi ugonjwa wa kipandauso unagusa ubongo, neva, na mishipa midogo pia. Inajulikana vilevile kwamba wenye aura wana hatari ya kiharusi kama mara mbili ya watu wengine. Msiogope. Kwa kijana, hatari yenyewe ni ndogo sana, na mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo. Lakini mtu akiongeza sigara juu yake, akaongeza presha isiyotibiwa, hatari inapanda. Ni sawa na kumwaga parafini karibu na jiko.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Kuwa na kipandauso si kusema utakuwa kipofu. Wengi wanaishi nacho mpaka uzee, na macho yao ni mazima. Lakini mwenye kipandauso ana sababu moja zaidi ya kuitunza mishipa yake. Na kila anayepoteza kuona asiambiwe tu, "Ni kichwa."

KIPIMO CHA MKONO

Hiki hakihitaji pesa wala mashine. Mfundishe kila mwanakikundi, na watoto wa shule pia.

Mtu akisema anaona vimulimuli au giza, mketishe. Mwambie afunike jicho la kulia kwa kiganja, aseme anaona nini. Kisha abadilishe, afunike la kushoto.

Ikiwa vimulimuli vipo kwa jicho hili na vipo kwa jicho lile, shida iko kwenye ubongo. Yaelekea ni aura, hasa kama vilianza kidogo vikapanuka polepole, na kama mtu amewahi kuwa navyo zamani.

Ikiwa giza lipo kwa jicho moja tu, na jicho la pili linaona sawa, shida iko kwenye jicho lenyewe au kwenye mishipa yake. Hiyo si ya kulalia. Ni ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama haiumi, hata kama kuona kumerudi baada ya dakika chache. Kipo kipandauso kinachoshika jicho moja, lakini ni cha nadra, na ni daktari tu anayeweza kukitaja baada ya kuondoa magonjwa mengine.

Kwa nini mtu afunike kwa mkono, asiulizwe tu? Kwa sababu watu wengi hukosea. Aura ikikaa upande wa kushoto, mtu husema, "Ni jicho la kushoto," kumbe macho yote mawili yanakosa upande huo. Mkono hauna ubishi.

KIMBIENI HOSPITALI IKIWA:

1. Jicho moja limeingia giza ghafula, au limeona kama pazia linashuka, hata kama limerudi.

2. Kuona kumepotea kwa ghafula, si polepole, au mtu amepinda mdomo, mkono umelegea, au maneno hayatoki vizuri. Aura hutambaa, kiharusi hupiga mara moja.

3. Maumivu ya kichwa yamekuja kwa kishindo, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata.

4. Kuna homa na shingo imekakamaa. Hapo fikirieni ugonjwa wa uti wa mgongo, na msisahau malaria.

5. Jicho ni jekundu, linauma sana, na taa inaonekana kuwa na duara la rangi.

6. Mtu amepita miaka 50 na hajawahi kuumwa kichwa cha namna hii.

7. Mama ni mjamzito au amejifungua karibuni.

Tusimame kidogo hapa kwenye namba saba. Mama mwenye mimba ya zaidi ya miezi mitano hivi, akisema kichwa kinamuuma sana na anaona vimulimuli, msimwambie ni kipandauso, hata kama amekuwa nacho tangu zamani. Huenda ni presha ya mimba, inayobana mishipa midogo ya mwili mzima, ya macho, ya ubongo, ya figo na ya kondo la nyuma. Isipotibiwa huleta kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto. Presha ya 140 juu ya 90 au zaidi kwa mjamzito ni ya kupelekwa kliniki bila kukawia. Hatari hii huendelea hata baada ya kujifungua, mpaka wiki sita. Kina baba, pikipiki ya kumpeleka mama itafutwe usiku huohuo, si asubuhi.

MWENYE KIPANDAUSO AJISAIDIE NAMNA HII

Kwanza, aweke daftari. Kijitabu cha shule cha kurasa 32 kinatosha. Aandike tarehe, saa kilipoanza, kama aliona vimulimuli, alikula nini, alilala vipi, kama ni siku za hedhi, na dawa aliyomeza. Baada ya miezi miwili mitatu ataanza kuona njia ya ugonjwa wake. Wengi hugundua kwamba ni kukosa kula, kukosa usingizi, kukaa na kiu, jua kali, au wasiwasi wa karo za shule. Wasiwasi hauondoki kwa kuandikwa, lakini mtu anaweza kula uji kabla ya kwenda shambani, na kubeba maji ya kunywa.

Pili, dawa imezwe mapema, kichwa kinapoanza kuuma, si baada ya kutapika. Kwa mtu mzima, parasetamoli ya miligramu 1000, yaani vidonge viwili vya 500, au ibuprofeni ya miligramu 400, au aspirini ya miligramu 900, yaani vidonge vitatu vya 300. Chagua moja, usichanganye zote. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo asiguse ibuprofeni wala aspirini bila kuuliza. Watoto wasipewe aspirini. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Tatu, asizoee vidonge. Kosa hili linatendeka sana vijijini, kwa kuwa dawa ziko kwenye kila duka, karibu na chumvi na kiberiti. Mtu akimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu, dawa zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vilivyochanganywa dawa mbili au tatu, siku 10 tu kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo. Kanuni rahisi ni hii: zisizidi siku mbili kwa wiki. Kama mtu anahitaji zaidi ya hapo, kuna dawa za kumeza kila siku za kuzuia kipandauso kisije, kama propranololi na amitriptilini. Ni dawa za zamani na si za bei ya juu, lakini sharti ziandikwe na daktari. Propranololi haimfai mwenye pumu.

Tahadhari pia na dawa zenye ergotamini. Hizo hubana mishipa ya damu. Mwenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo, au mimba asizimeze kamwe.

Nne, akina mama wenye aura na wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi wamweleze mhudumu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwenye kipandauso chenye aura asitumie vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kwa ajili ya hatari ya kiharusi. Ziko njia nyingine zisizo na estrojeni. Msiache ghafula nyumbani mkapata mimba msiyoipangia. Nendeni mkabadilishiwe.

Tano, sigara iachwe, na ugoro pia.

KAZI YA KIKUNDI

Wanakikundi, mtu mmoja hawezi kujipima presha kwa kujitazama kwenye kioo. Lakini kikundi kinaweza. Haya ndiyo tuliyoanza kwetu baada ya yale yaliyompata mama yetu.

Mkutano wa kwanza wa kila miezi mitatu, kabla ya kuhesabu pesa za mzunguko, tunapima presha. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa na serikali mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Tulimwalika wa kwetu, akaja. Katibu huandika namba kwenye kadi ya kila mtu. Kadi hukaa kwa mwenyewe, si kwa mwenyekiti, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake. Presha ikifika 140 juu ya 90 kwa siku mbili tofauti, mtu anatumwa dispensari. Siku ya kwanza tulikuta watatu ambao hawakujua. Mmoja wao alikuwa mweka hazina, mtu wa kucheka sana.

Mwenye sukari ajue kwamba retina yake inatakiwa kutazamwa na daktari wa macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri mpaka anatunga uzi kwenye sindano. Kuona vizuri si dalili kwamba mishipa ni mizima. Kenya tuna vituo vya macho vinavyojulikana, kama vile Kikuyu, Sabatia kule Vihiga, Tenwek kule Bomet, na hospitali kuu za kaunti. Ulizeni kwanza kwenye dispensari yenu mahali palipo karibu, na kama kuna siku ya kliniki ya macho.

Tumeweka pia akiba ndogo ya nauli ya dharura. Kila mkutano, shilingi ishirini kwa kila mtu. Pesa hizi hazikopeshwi kwa biashara, wala hazinunui viti. Ni za kumpeleka mtu hospitali siku jicho linapoingia giza au mama mjamzito anapoona vimulimuli. Mama yetu wa sokoni alingoja siku ya soko kwa sababu hakuwa na nauli, naye aliona haya kuomba. Hilo hakutuambia siku ile. Alituambia miezi mingi baadaye.

Leo yeye ndiye anayefundisha kipimo cha mkono. Husimama mbele ya watu, hufunika jicho lake zima kwa kiganja, na kusema, "Sasa hivi siwaoni. Mimi nililala. Nyinyi msilale." Kisha huondoa mkono na kuendelea na somo. Presha yake sasa imetulia, anameza dawa kila asubuhi, na mboga bado anauza.

Na mama wa kwanza? Kipandauso chake hakijaisha, lakini kimepungua. Daftari lilimwonyesha kwamba kilimpata siku za shamba la kikundi kwa kuwa alitoka nyumbani alfajiri bila kula. Siku hizi kikundi kinapika uji kwanza, ndipo majembe yachukuliwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mishipa midogo hauonekani, lakini mashine ya presha inauona, na taa ya daktari inauona.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtu kati yetu ambaye tumemwita mvivu kwa sababu ya kuumwa kichwa? Tufanye nini kurekebisha?

2. Wawili wasimame mbele waonyeshe kipimo cha mkono: mmoja awe mgonjwa, mwingine awe jirani. Wengine waseme kama umefanywa uamuzi sawasawa.

3. Ni wangapi hapa hawajapimwa presha mwaka huu? Nani atamwalika mhudumu wa afya, na kwa tarehe gani?

4. Usiku wa leo mama mjamzito akisema kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli, ni pikipiki ya nani itakayotumika, na nauli itatoka wapi? Katibu aandike majibu kabla ya mkutano kuvunjika.